UZI: Kusomea afya ya akili na ustawi wa jamii ukiwa Kisumu, Nakuru au Magharibi

#1 Nasi_Kondele

Matokeo ya KCSE yakitoka, swali linalozagaa ni "chuo gani kina kozi ya saikolojia?" Vyuo ni tele na vyote vitakukaribisha kwa mikono miwili. Naomba tuanzie upande wa pili: nikimaliza, ni bodi au baraza lipi litanisajili, na usajili huo utaniruhusu kufanya nini? Ukishapata jibu, kutafuta chuo ni kazi ndogo. Asiyeuliza ndiye anayesoma miaka minne, anavaa joho, halafu kwenye usaili wa kaunti anaulizwa namba ya leseni na hana.

Njia ziko hivi. Anayetaka kutambua ugonjwa na kuandika dawa bila kupitia udaktari kamili, apite kwa maafisa wa kliniki: diploma ya miaka 3, mwaka 1 wa mafunzo kazini, usajili wa Baraza la Maafisa wa Kliniki, kisha arudi darasani kwa stashahada ya juu ya magonjwa ya akili. Uuguzi nao una ngazi hizo hizo: diploma ya miaka 3, au digrii ya miaka 4 na mwaka wa mafunzo kazini, pamoja na mtihani wa Baraza la Wauguzi, halafu stashahada ya juu ya uuguzi wa akili. Daktari bingwa wa akili anasoma MBChB (digrii ya udaktari) miaka 6, mafunzo kazini mwaka 1, kisha uzamili. Kwa watu wa huku, Chuo Kikuu cha Moi pale Eldoret kiko karibu kuliko Nairobi.

Kumbuka katika njia hizi huingii moja kwa moja kwenye "unasi wa akili", yaani uuguzi wa akili, ukitoka kidato cha nne. Unasoma mwili mzima kwanza. Kuna sababu, na tutaifikia.

Alama: diploma za KMTC (chuo cha serikali cha mafunzo ya afya) nilizotaja zinataka C, pamoja na C ya Bayolojia na C ya Kiingereza au Kiswahili. Digrii ni C+. Maombi ya KMTC yanapitia KUCCPS, idara inayowapanga wanafunzi vyuoni. Kampasi za huku ni nyingi, kuanzia Kisumu, Nakuru, Kakamega, Siaya, Busia, Webuye hadi Homa Bay, lakini si kila kozi iko kila kampasi, kwa hiyo soma orodha ya kampasi na kozi pamoja.

#2 Mlango_Mbali

Na aliyepata C- afanye nini? Arudie mtihani?

#3 Ustawi_Kakamega

Hapana, asirudie kabla ya kuangalia upande wetu. Kazi za ustawi wa jamii zina ngazi za TVET, yaani mafunzo ya ufundi. Ngazi ya 6, ambayo ndiyo diploma, inataka C-. Ngazi ya 5 inataka D. Unaweza kuingia ya 5, ukamaliza, ukapanda ya 6, na baadaye ukaomba digrii. Ni mwendo mrefu, ila hakuna hatua inayopotea.

Kabla ya kulipa karo, hakikisha mambo mawili tofauti: kwamba chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo hivi, na kwamba kozi yenyewe imeidhinishwa kufundishwa pale. Vyuo vingi vya ghorofani mjini hukuonyesha cheti cha chuo, wanakunyamazia kuhusu kozi. Muulize msajili mtihani wa mwisho unatolewa na nani. Akikujibu "tunatoa cheti chetu wenyewe", funga begi uondoke.

Ukiwa chini ya TVET CDACC, baraza la mitaala na mitihani ya TVET, utapimwa kwa umahiri, yaani kwa kazi unayoweza kuifanya. Utakusanya jalada la ushahidi: ripoti za ziara, fomu za tathmini, picha za kazi, sahihi za wasimamizi. Wanaokwama mara nyingi ni wale walioacha jalada hadi wiki ya mwisho, wakakuta msimamizi wa atachimenti (mafunzo ya vitendo nje ya chuo) amehamishwa na hakuna wa kutia sahihi. Tia sahihi kila Ijumaa, ukiwa bado mnaonana uso kwa uso.

Onyo moja kuhusu picha: usiweke uso wa mteja kwenye jalada. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Piga picha ya kikao kwa nyuma, au ya fomu tupu.

#4 Nyalenda_Mtulivu

Sasa washauri nasaha wako wapi katika hii ramani? Nimeona watu wana vyeti vya KCPA wanasema wamesajiliwa.

#5 Mwalimu_Malezi

Hapo ndipo wengi wanachanganyikiwa. KCPA ni chama cha wanataaluma wa ushauri nasaha na saikolojia. Unajiunga, unapata semina, unapata wenzako wa kukusimamia, na ni jambo zuri. Leseni ni kitu kingine. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliunda Bodi yake, na Bodi hiyo ndiyo inayosajili na kutoa leseni. Kadi ya chama haiwezi kusimama mahali pa leseni, wala leseni haikuzuii kuwa mwanachama.

Ukichagua kozi ya ushauri nasaha, omba chuo kikupe mpangilio wa masomo ulioandikwa, kisha utafute vitu vitatu ndani yake: maadili ya kazi kama somo linalojitegemea, saa za vitendo na wateja halisi, na usimamizi wa kitaaluma, yaani mtu mwenye uzoefu anayekaa nawe kila wiki kupitia kesi zako. Kozi isiyo na usimamizi ni maneno matupu. Mwanafunzi atajifunza nadharia za Rogers na Beck, atazijua kwa moyo, lakini siku mteja anakaa kimya dakika nne hatajua kama anyamaze au aseme neno. Hilo hufundishwa na msimamizi aliyesikiliza alichofanya.

Kozi za wiki sita za "ushauri nasaha" zina kazi yake kwa mwalimu, mchungaji au mhamasishaji wa afya ya jamii. Zinakufundisha kusikiliza na kujua wakati wa kutoa rufaa. Usizitumie kufungua ofisi.

Kuna pia upande wa uraibu. Vituo vya kurekebisha tabia vinaidhinishwa na NACADA, mamlaka ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, na mtu anayetaka kufanya kazi humo hujengewa msingi wa ushauri nasaha, uuguzi au ustawi wa jamii kwanza, kisha mafunzo ya tiba ya uraibu juu yake.

#6 Mlango_Mbali

Asanteni. Nasi_Kondele ulisema kuna sababu ya kusoma mwili mzima kwanza. Tuambie.

#7 Nasi_Kondele

Sababu ya kwanza katika ukanda huu wa ziwa ni malaria. Analetwa kijana amefungwa kamba, anaongea ovyo, anaona watu wasiokuwepo, jamaa wanasema "amepata kichaa". Kabla ya neno akili kutajwa, uliza ilianza lini. Ikiwa juzi alikuwa shambani mzima kabisa, leo hajui siku, asubuhi anakutambua na jioni anakuita jina la mjomba wake, hiyo fahamu inayopanda na kushuka inaashiria mwili. Pima joto, fanya kipimo cha malaria, pima sukari kwenye damu, uliza kuhusu VVU na dawa anazotumia, tafuta jeraha la kichwa. Malaria ya ubongo na sukari iliyoshuka huua kwa saa chache, na mgonjwa aliyepelekwa moja kwa moja wodi ya akili hupoteza saa hizo.

Skizofrenia, ugonjwa wa akili wa muda mrefu, haiji hivyo. Kwa kawaida inachukua wiki na miezi: amejitenga, ameacha shule, usingizi umevurugika, halafu sauti. Na mgonjwa huwa anajua yuko wapi na leo ni siku gani.

Sababu nyingine ni pombe. Mlevi wa chang'aa wa kila siku amelazwa wodi ya upasuaji kwa mguu uliovunjika. Kati ya siku ya pili na ya nne tangu aache pombe anaanza kutetemeka, jasho, anakamata wadudu ukutani. Hapo mwanafunzi wa ushauri nasaha akianza "tuongee kuhusu hisia zako" anampoteza mtu. Ni dharura. Mwite nasi wa zamu mara moja. Anahitaji dawa ya kutuliza ya kundi la diazepamu na vitamini B1, na vitamini hiyo itangulie kabla ya kumwekea dripu ya glukosi.

Tatu, kifafa. Kliniki nyingi za akili za hospitali za kaunti huona wagonjwa wa kifafa siku hiyo hiyo, foleni hiyo hiyo. Jua la kufanya mtu akianguka: mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu, usitie kijiko wala kidole mdomoni, tazama saa. Ikipita dakika 5 bila kukoma, ni dharura.

Na dawa zenyewe zina mambo yake. Mgonjwa wa akili amedungwa dawa ya haloperidol jana, leo shingo imepinda, macho yameangalia juu, ulimi umekakamaa. Nyumbani wataona mapepo yamezidi na hawatamrudisha. Hayo ni madhara ya dawa, yanatulia kwa benzhexol. Waambie jamaa kabla hawajaondoka hospitalini, kwa maneno hayo: "Shingo ikipinda, mrudisheni, tuna dawa yake." Sentensi moja tu, na inaokoa matibabu yote.

#8 Bondeni_Nakuru

Hii ya Modecate nayo isisahaulike. Wanafunzi wakija atachimenti wanaona sindano ya mwezi wanadhani ndiyo rahisi.

#9 Nasi_Kondele

Kweli kabisa. Ni fluphenazine, dawa ya skizofrenia ya kukaa mwilini, hudungwa kwenye msuli, kwa kawaida kila wiki tatu au nne. Shida yake ni kwamba ukikosa dozi huoni kitu wiki ile. Mgonjwa anaendelea vizuri, jamaa wanasema amepona, mwezi wa pili hawaji, na dalili zinarudi wakati ambapo hakuna anayekumbuka sindano iliyorukwa. Kazi ya mwanafunzi mzuri ni rejista: jina, tarehe ya kurudi, namba ya simu ya mtu wa nyumbani, na jina la mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji hicho. Asiyekuja ndani ya siku tatu, apigiwe.

#10 Nyalenda_Mtulivu

Kuna yeyote anaweza kueleza vizuri matumizi ya PHQ-9, ile karatasi ya maswali ya kuchuja sonona (unyogovu)? Vyuoni tunapewa karatasi tu.

#11 Mwalimu_Malezi

Maswali 9, yote kuhusu wiki mbili zilizopita. Majibu ni manne: hata kidogo (0), siku kadhaa (1), zaidi ya nusu ya siku hizo (2), karibu kila siku (3). Jumla ni 0 hadi 27. Kuanzia 5 ni hali nyepesi, 10 ya wastani, 15 ya wastani kuelekea kali, 20 kali. Kipimo hiki kilifanyiwa uchunguzi wa kufaa kwake hapa magharibi mwa Kenya miongoni mwa watu wanaoishi na VVU, matokeo yakachapishwa mwaka 2009, kwa hiyo si karatasi ya kuletwa tu kutoka ng'ambo.

Kinachoharibika ni namna ya kuuliza. Mteja akisikia swali hujibu "ndiyo" au "hapana", na mwanafunzi mwenye haraka anageuza "ndiyo" kuwa 2 kwa kukisia. Usikisie. Mpe mipaka ya wiki mbili kwa kitu anachokijua: "tangu siku ya soko ya juma juzi hadi leo". Kisha mtajie majibu yote manne polepole, kila swali, hata kama inachosha. Wengine ni rahisi zaidi kuwapangia punje za mahindi kumi na nne mezani, mteja asogeze zile siku ambazo hakulala.

Maswali ya usingizi, hamu ya chakula na uchovu yana mtego. Mwenye kifua kikuu, mjamzito, au mama mwenye mtoto wa mwezi mmoja atapata alama hapo bila sonona yoyote. Jumla ikiwa 11 na alama 8 zote zimetoka kwa mwili, rudi umpime mwili. Kipimo kinachuja, hakitambui ugonjwa peke yake.

Swali la 9 linahusu mawazo ya kufa au kujiumiza. Hilo halisubiri jumla. Hata kama jumla ni 4 na swali la 9 lina 1, unasimama hapo na kuuliza waziwazi: mawazo hayo huja mara ngapi, umewahi kufikiria utafanyaje, umewahi kujaribu, nini kinakuzuia, nani nyumbani anajua. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Wengi huvuta pumzi kwa kuona hatimaye wameulizwa. Ukigundua hatari, mteja habaki peke yake, jamaa anayemwamini anaitwa, dawa za kunyunyizia shamba zinaondolewa nyumbani au zinafungiwa kwa jirani, na rufaa inafanyika siku hiyo hiyo. Laini ya 1199 ya Msalaba Mwekundu haina malipo na mteja aondoke nayo.

Wazee wetu wengi bado wanaogopa kusema kwa sababu ya polisi. Wajulishe kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba.

#12 Bondeni_Nakuru

Kuhusu kuandika faili. Hapa ndipo wanafunzi wanaanguka zaidi, na ni kitu kinachofundishika kwa wiki moja.

Andika ulichoona na ulichosikia kabla ya unachofikiri. "Mteja ana huzuni" ni hukumu, haimsaidii anayepokea zamu. Linganisha na hii: "Amevaa makoti mawili saa nane mchana. Macho sakafuni. Hukaa kimya kama sekunde kumi kabla ya kujibu, sauti ya chini. Ametaja mara tatu kwamba ng'ombe wameuzwa. Anajua siku, mwezi na mahali alipo. Anasema hasikii sauti." Mtu wa zamu ya usiku akisoma hiyo anaweza kuona kama mgonjwa amebadilika.

Maneno ya mteja yaache kwa lugha yake ukiweza, ndani ya alama za kunukuu, tafsiri ifuate. Na mkalimani asiwe mtoto wake wala mume wake. Nakuru hii ina watu wa kila kona ya nchi. Utakutana na Mkikuyu, Mkalenjin, Mluo na Mkisii asubuhi moja, na wengine walihama makwao baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007. Mtu hatasema yaliyompata mbele ya mkalimani asiyemjua anatoka upande gani. Muulize kwanza angependa nani.

#13 Ustawi_Kakamega

Niongeze upande wa boma, maana tiba nyingi hufia huko.

Kabla ya ziara, kubaliana na mteja jinsi utakavyojitambulisha. Ukija na gari lenye maandishi ya "afya ya akili" ubavuni, kijiji kizima kitajua kabla hujafika kwenye mti wa maembe. Mhamasishaji wa afya ya jamii anakusaidia kujua njia, lakini ni jirani. Mazungumzo ya ndani yasubiri akae kando. Msalimie mwenye boma kwanza, kaa unapoonyeshwa, kisha omba nafasi ya kuongea na mgonjwa peke yake.

Angalia vitu bila kuonekana unakagua. Dawa zimewekwa wapi? Anakula mara ngapi kwa siku? Dawa nyingi hizi zinaongeza njaa au usingizi, na asiye na chakula huziacha, kisha faili linaandikwa "mgonjwa mkaidi". Analala nyumba gani, na mlango unafungwa kutoka upande upi? Ukikuta mnyororo, usianze kwa kufoka. Uliza nini kiliwafikisha hapo. Mara nyingi ni usiku mmoja alipochoma nyumba au kupotea barabarani na hawakuwa na nauli ya kwenda hospitali. Halafu panga njia ya kuutoa, na umjulishe afisa wako. Sheria ya Afya ya Akili, ilivyorekebishwa mwaka 2022, inalinda haki na utu wa mgonjwa, na mwanafunzi anapaswa kuisoma yote, ukurasa kwa ukurasa.

Jua pia vitu vya kuunganisha familia navyo. Mwenye ulemavu wa kisaikolojia anaweza kufanyiwa tathmini hospitali iliyoteuliwa na kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mpango wa Inua Jamii unatoa Sh2,000 kwa mwezi kwa wanaostahili, wakiwemo wenye ulemavu mkali na wazee wa miaka 70 na zaidi. Kwa mtoto aliye hatarini, namba ni 116, na anayeshughulikia kisheria ni afisa wa watoto chini ya Sheria ya Watoto ya 2022. Usimhamishe mtoto kwa shangazi kwa uamuzi wako, hata ukiwa na nia njema kiasi gani.

#14 Mlango_Mbali

Mawakala wanasema ukisoma kozi ya utunzaji wazee miezi mitatu unaenda Uingereza. Ni kweli?

#15 Nasi_Kondele

Uingereza ilifunga viza za wahudumu wa utunzaji kwa waajiriwa wapya kutoka nje ya nchi tarehe 22 Julai 2025. Wakala anayechukua pesa leo kwa ahadi hiyo, muulize ni viza gani, aandike jina la viza hiyo kwenye karatasi. Manasi njia yao ni tofauti, wanasajiliwa na NMC, baraza la wauguzi la huko, baada ya mtihani wa kompyuta na mtihani wa vitendo. Kule uuguzi wa akili ni tawi linalojitegemea tangu mwanzo wa masomo, na jina la afisa wa ustawi wa jamii linalindwa kisheria, huwezi kujiita hivyo bila usajili. Kozi ya utunzaji ina manufaa hapa nyumbani pia, wazee wenye kusahau wako kila kijiji. Ila usiuze shamba kwa ajili ya viza.

#16 Mlango_Mbali

La mwisho. Anayeingia chuo muhula ujao aanze na nini sasa hivi, kabla ya darasa?

#17 Bondeni_Nakuru

Chanjo ya Hepatitis B. Ni dozi 3: leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6. Hospitali nyingi huiomba kabla ya kukupokea wodini, na anayeanza wakati barua ya atachimenti imetoka huwa amechelewa. Weka pia maombi ya cheti cha mwenendo mwema kupitia eCitizen, hasa kama utafanya kazi na watoto, na uulize chuo kama bima yao ya wanafunzi inafika hadi hospitalini.

#18 Mwalimu_Malezi

Na kwa asiye na kitu mkononi ila simu: mwongozo wa mhGAP wa WHO (Shirika la Afya Duniani) kuhusu matibabu ya akili unapakuliwa bure, na mafunzo ya WHO ya QualityRights kuhusu haki za wagonjwa ni bure mtandaoni, unapata cheti. Anza na sura ya sonona kwenye mhGAP, fuata mishale yake ukurasa kwa ukurasa, kisha ya saikosisi (kuona au kusikia yasiyokuwepo), kisha ya kifafa. Soma na daftari kando, uandike kila neno la kitabibu usilolijua na umuulize nasi yeyote wa zahanati ya karibu.

#19 Ustawi_Kakamega

Anayesubiri barua ya KUCCPS na yuko karibu na Kakamega, andika hapa chini kampasi na kozi uliyoomba, tukuangalizie kama imeidhinishwa kabla hujalipa.